Kitanda chenye tai wa buluu

Tarehe 7 Juni 1376, chumbani mwake katika jumba la mfalme pale Westminster, Edward wa Woodstock alikuwa akigawa mapazia. Alibakiwa na siku moja tu duniani. Huyu ni mwana mkubwa wa mfalme wa Uingereza, mtu aliyemteka mfalme wa Ufaransa vitani kule Poitiers mwaka 1356, na ambaye sasa, akiwa na miaka 45, alikuwa amemalizwa na maradhi yaliyomwandama tangu vita vya Hispania. Wengi wanamjua kama Mwanamfalme Mweusi, jina alilobandikwa muda mrefu baada ya kufa. Wasia wake, ulioandikwa kwa Kifaransa cha wakubwa wa Uingereza wa enzi hizo, upo hadi leo. Nimeusoma mara kadhaa, na kila nikiusoma nakwama kwenye vitanda.

Padri wake wa kitubio, Robert Walsham, aliachiwa kitanda kikubwa cha hariri nzito nyekundu, kilichotariziwa nembo ya mwanamfalme kwenye kila pembe. Alan Cheyne, mmoja wa watu wake, akapewa kitanda cha hariri nyeupe kilichotapakaa tai wa buluu, na vifaa vyake vyote vikatajwa: mfarishi, mapazia, magodoro, mito, shuka. Roger Clarendon, mwana aliyezaliwa nje ya ndoa, akapata kitanda cha hariri. Richard, mrithi, mtoto wa miaka tisa ambaye mwaka uliofuata angekuwa mfalme, aliachiwa vitanda kadhaa, kimoja kikiwa kile ambacho babu yake mfalme alimpa baba yake.

Usifikirie mbao hapa. Mtu tajiri wa karne ya 14 akisema kitanda alikuwa akisema kitambaa. Mbao ziligongwa na seremala yeyote, lakini dari ya hariri juu ya kichwa, mapazia ya pembeni na shuka zilizotariziwa zilikula miezi ya kazi ya mafundi na fedha za kununulia vijiji. Wakubwa hao walihamahama kutoka ngome moja hadi nyingine, na kila safari kitanda kikakunjwa, kikapakiwa kwenye mkokoteni. "Sala" nayo, neno la Kifaransa la ukumbi na si sala ya kuomba, kwenye wasia huu si chumba. Ni seti nzima ya vitambaa vya kutandika ukutani na kwenye mabenchi, na chumba chochote kikishavikwa kinakuwa sala ya bwana mkubwa. Mtu yeyote aliyelelewa kwenye sebule ya Kenya yenye vitambaa vya kufuma juu ya kila kochi ataelewa mara moja.

Joan, mkewe, akapewa sala nyekundu yenye tai na wanyama wa hadithi wenye mwili wa simba na mabawa ya tai, ukingoni mabata maji wenye vichwa vya wanawake. Richard akapata mbili, moja ya nguva wa baharini na nyingine yenye hadithi ya Saladini. Ndiyo, Salahuddin mwenyewe, sultani Mwislamu aliyepigana na Wakristo wa Vita vya Msalaba, ananing'inia kwenye ukuta wa Mkristo miaka karibu mia mbili baada ya kufa.

Sababu ya vitambaa hivi vyote kujaa kwenye wasia, na mashamba kukosekana, ni ya kisheria. Ardhi ya Mwingereza wa wakati ule kwa kawaida haikuachwa kwa wasia. Ilikwenda yenyewe kwa mwana mkubwa, na mjane akawa na haki ya theluthi yake maisha yake yote. Ni mwaka 1540, chini ya Henry VIII, ndipo sheria iliporuhusu watu kuusia ardhi yao kwa upana. Kabla ya hapo, alichokuwa nacho mtu cha kugawa kwa hiari yake, kwa kumtazama fulani na kumkumbuka, ni vyombo. Shamba lilijua njia yake, kitanda kilingoja kuambiwa.

Hapo ndipo mimi nilipo na hoja yangu, na naanza na cherehani.

Bibi yangu mzaa mama alipofariki aliacha shamba na nyumba ya vyumba vitatu. Tulidhani ugomvi utakuwa kwenye shamba. Haukuwa. Alikuja mpima, ekari zikahesabiwa, watoto sita wakapata sawa kwa sawa kama sheria inavyosema mzazi asipoacha mwenzi, na hakuna aliyeinua sauti. Kilichotuvunja ni cherehani ya mguu, Singer, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika pale tu ambapo kiganja cha bibi kilikuwa kikipumzika. Ilikuwa na kidroo cha kushoto kilichojaa vifungo vya mashati ya watu waliokwisha kufa. Mama mkubwa alisema ni yake kwa sababu ndiye aliyefundishwa kushona juu yake. Mama mdogo akasema mkanda wa ngozi ameununua yeye mara tatu, na fundi amemlipa yeye. Wakati wa matanga waliivumilia. Siku ya kuanua matanga, asubuhi, tukakuta alama nne za vumbi sakafuni. Mjomba ndiye aliyeichukua, eti isije ikaibiwa.

Huu ni mwaka wa kumi na moja. Dada hao wawili wakikutana harusini wanasalimiana kwa mkono, kisha kila mmoja anatafuta meza ya mbali.

Sheria ya urithi ya Kenya ya mwaka 1972, ambayo kwa sehemu kubwa imekatwa kutoka kitambaa cha Kiingereza, haikuvisahau vyombo. Inavitaja kabisa: nguo, mapambo, samani, picha, vyakula, vinywaji, vyombo vya jikoni. Asiyeacha wasia, akiwa ameacha mwenzi na watoto, mwenzi huyo anavichukua vyote viwe vyake moja kwa moja. Gari haimo. Naiona ni busara, maana mjane hatanyang'anywa sufuria na shemeji. Lakini bibi alikuwa mjane tayari, na sheria ikifika kwa watoto inajua kugawa thamani tu. Haina namna ya kugawa kidroo cha vifungo. Majirani zetu Waislamu wana mafungu yao yaliyopangwa, na wasia kwao hauvuki theluthi wala hauendi kwa mrithi bila warithi wenzake kuridhia, kwa hiyo sehemu nzuri ya karatasi ya Edward ingekwama kwa kadhi. Huko anayetaka cherehani iende kwa fulani humkabidhi angali hai.

Najua kuna watakaosema nimewasifu mabwana wa vita. Sikuwasifu. Mtu huyuhuyu aliyekumbuka rangi ya tai wa Cheyne ndiye aliyeuteka mji wa Limoges mwaka 1370, akiwa mgonjwa wa kubebwa kwenye machela, na watu wake wakawachinja raia. Sehemu ya hariri ile ilinunuliwa kwa fidia za mateka, sina shaka. Ninachokitaka kwake ni ule uvumilivu wa kutaja. Hakusema "vitanda vyangu vigawanywe kwa haki." Alisema kipi, cha rangi gani, kina nini pembeni, kwa nani. Tena akamfunga Richard kwa radhi ya baba kwamba yale aliyowapa watumishi wake ayathibitishe. Radhi ni neno letu, na nadhani ndilo linalobeba maana yake kuliko lolote la wanasheria.

Hata hivyo hawakumtii kwa yote. Aliomba azikwe chini, katika kanisa dogo la Bikira Maria lililo ghorofa ya chini ya kanisa kuu la Canterbury. Wakamzika juu, karibu na kaburi la mtakatifu Thomas Becket, mahali pa heshima zaidi. Marehemu hana mkono wa kushika mtu. Beti za Kifaransa alizoagiza zichongwe kaburini walizichonga, na ndani yake anamwambia mpita njia kwamba alikuwa na ardhi, nyumba, nguo, farasi, fedha na dhahabu, na sasa ni fukara aliyelala chini kabisa. Vile vitanda havionekani tena popote. Lakini koti lake la mahameli la kuvaa juu ya chuma, lenye nembo ya simba na maua ya Ufaransa, bado lipo pale Canterbury, rangi zimefifia, pamba yake ndani. Miaka zaidi ya mia sita, kitambaa.

Mwezi uliopita nilikaa na mama na daftari. Nilitarajia ashtuke, maana kwetu ukimuuliza mzazi vitu vyake vitakwenda wapi ni kama unamchimbia. Alinitazama, akaniambia nilete miwani yake. Akaanza na kabati la vyombo, akateremka hadi jikoni. Sinia la shaba kwa dada yangu. Redio kwa mtoto wa jirani anayemletea maji. Tulipofika kwenye sufuria kubwa ya pilau, ile ya harusi zote za mtaa, alinyamaza kidogo.

"Hiyo andika ya mama yako mdogo," akasema. "Na uandike ile yenye mpini mmoja uliounganishwa kwa waya, wasije wakampa nyingine."