Fatema Mernissi na swali la dukani

Fatema Mernissi alizaliwa Fez, Morocco, mwaka 1940. Alisoma sayansi ya siasa Rabat, akapitia Sorbonne, kisha akachukua uzamivu wa sosholojia Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani. Akarudi Rabat kufundisha Chuo Kikuu cha Mohammed V. Wasifu wa namna hiyo wanao wengi. Mimi namheshimu zaidi kwa alichokifanya baada ya kwenda dukani.

Alimuuliza mwenye duka: je, mwanamke anaweza kuwaongoza Waislamu? Yule bwana alishtuka, nusura mayai aliyokuja kununua Mernissi yamponyoke. Mteja mmoja, mwalimu, akafunga mjadala kwa hadithi ya Mtume iliyomo katika Sahihi Bukhari, mkusanyo mashuhuri wa hadithi hizo: hawatafanikiwa watu waliomkabidhi mwanamke mambo yao. Mernissi akaondoka kimya.

Angeweza kuandika makala ya hasira, yakaisha. Yeye akaingia vitabuni, kwa mwanahistoria Tabari na mfafanuzi wa hadithi Ibn Hajar, kutafuta nani aliisimulia kauli ile, lini, na kulikuwa na nini wakati huo. Akakuta msimulizi, Abu Bakra, aliitaja zaidi ya miaka 20 baada ya kufariki Mtume, pale Bibi Aisha, mjane wa Mtume, aliposhindwa katika Vita vya Ngamia, ambamo Waislamu walipigana wao kwa wao na yeye akiongoza upande mmoja. Kauli yenyewe ilihusu Waajemi waliomtawaza binti wa Kisra, mfalme wao. Utafiti huo ukazaa Le Harem politique, mwaka 1987, kitabu kilichopigwa marufuku kwao Morocco.

Wapo wanaosema mwanasosholojia hana zana za kumpima mpokezi wa hadithi. Siipuuzi hoja hiyo, maana elimu ya hadithi ina masharti yake. Lakini hadithi ile ilikuwa inatumika kuamua nani agombee na nani akae kando, na hapo ndipo penye kazi ya msomi wa siasa. Nani mwingine angeuliza?

Benazir Bhutto alipokuwa waziri mkuu wa Pakistan mwaka 1988, wapinzani wake walidai jambo hilo halijapata kutokea katika nchi ya Kiislamu. Mernissi alijibu kwa kitabu kizima juu ya wanawake waliotawala. Kwangu anayesimama mbele yao wote ni Malkia Arwa wa Yemen, aliyetawala hadi kifo chake mwaka 1138, jina lake likitajwa katika hotuba za Ijumaa msikitini, heshima ya mtawala.