Mbavu za mbwa za Wazungu

Jumapili iliyopita nimelipa kiingilio, tena cha kuumiza, kwenda kuangalia ukuta wa udongo.

Nyumba yenyewe inaitwa Bayleaf. Iko kwenye makumbusho ya majengo ya kale pale Singleton, West Sussex, huku Uingereza, na ilijengwa Kent mwanzoni mwa karne ya 15, nyumba ya mkulima mwenye uwezo wake. Mzee mmoja anayejitolea pale alikuwa anawaeleza wageni: unasimamisha fremu ya mwaloni, katikati ya nguzo unasuka fito, kisha unakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe. Watu wakaguna kwa mshangao. Mama mmoja akapiga picha ukutani. Mimi nikawa nacheka peke yangu, maana ukiondoa hayo mavi ya ng'ombe, kazi hiyo Pangani tuliifanya tukiwa watoto, tope hadi magotini, na ujira wetu ulikuwa chai na muhogo.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: huyu juzi tu kapanda ndege, leo anatufundisha kuishi kwenye tope, wakati kukandika ni ushamba. Subiri kwanza, ndugu yangu.

Sisemi nyumba zao na zetu zinalingana kwa kila kitu. Useremala wa ile nyumba unatisha. Mwaloni ulichongwa ukiwa bado mbichi, kwa sababu ukikauka unakuwa mgumu mno kwa patasi. Ulimi wa boriti moja unaingia kwenye tundu la nyingine, halafu inapigwa pini ya mti. Na yale matundu ya pini waliyatoboa yakiwa yamepishana kidogo kwa makusudi, ili pini inapozama ivute kiungo kikaze. Fundi alikata kila kitu uwanjani kwake, akachora namba za Kirumi kwenye viungo, ndipo mbao zikapelekwa kusimamishwa. Kwa hiyo miaka ya 1960, bonde la kule Kent ilikojengwa lilipotakiwa kujazwa maji ya bwawa la Bough Beech, waliifungua nyumba kipande kwa kipande wakaihamishia Sussex, kama mtu anayehama na kitanda chake cha samadari.

Ila ingia ndani uone. Ukumbi wa katikati hauna dari wala dohani. Moto unawashwa sakafuni, moshi unajitafutia njia juu kwenye vigae. Mapaa yamekuwa meusi kwa masizi, na wataalamu wanayaheshimu hayo masizi kwa sababu ndiyo yanayowaambia kwamba nyumba fulani ilianza na moto wa wazi. Madirisha hayana kioo, ni nondo za mti na vibao vya kufunga usiku. Jiko la bibi yangu kabisa! Tofauti ni kwamba masizi ya bibi tuliyaonea aibu, wageni wakija tunafunga mlango.

Na hapo ndipo ninapokereka. Huku ukimiliki nyumba ya aina hii iliyoorodheshwa na serikali, huruhusiwi kubadilisha dirisha bila kibali. Ukijifanya mjanja unashtakiwa kama mhalifu. Mwaka 1896 National Trust, taasisi yao ya kuhifadhi majengo ya kale, ilinunua jengo lake la kwanza kwa pauni 10. Lilikuwa nyumba ya mapadri kule Alfriston, ya mbao na udongo, paa la majani. Kwetu nyumba ya babu, ya boriti za mikoko na chokaa, ilibomolewa kwa wiki moja ili tupate tofali, bati la msauzi na madirisha ya aluminiamu. Nilichangia hela, sikatai. Sasa Januari saa nane mchana humo ndani hukaliki, na umeme ukikatika feni inabaki pambo. Wote wanahamia chini ya mwembe.

Mtaniambia Wazungu nao walibomoa. Ndiyo, walibomoa nyingi, na nyingine wakazipiga plasta ya saruji mpaka unyevu ukakosa pa kutokea, mwaloni uliostahimili karne tano ukaanza kuoza. Leo wanalipa mafundi kuibandua saruji na kurudisha chokaa. Chokaa, jamani! Ile iliyojenga Kilwa na Lamu, ambayo babu zetu waliichoma wenyewe kwa matumbawe.

Mwingine atauliza mbona mimi sijengi ya udongo. Kiwanja changu kipo, na nikimtajia fundi fito ananiuliza kama mambo yameniendea kombo huku Ulaya. Mama naye hataki kusikia. Anasema majirani watasema mwanawe kashindwa. Ninamwelewa. Aliyekulia ndani ya paa linalovuja hana deni la kunifurahisha mimi mtalii wa Jumapili.

Na wewe unayesema makuti yanawaka moto, una hoja. London iliungua mwaka 1666, na sheria ya mwaka uliofuata ikadai matofali au mawe. Mashambani nyumba za mbao zikaendelea kukaliwa, nyingine mpaka leo zina watu, wamevuta na intaneti. Basi tubishane kuhusu moto, mchwa na bei ya boriti, hata usiku kucha. Ila hilo la kwamba kukandika ni ushamba, nendeni mkamwambie yule mzee wa Singleton, na msisahau kulipa kiingilio.