Jiji Litoe Fedha Kabla Boila Halijafa

Kila meya wa New York hupenda kupigwa picha akikata utepe mbele ya jengo jipya. Sioni ubaya, maana uhaba wa nyumba ni mkubwa na majengo mapya yanahitajika. Lakini zipo nyumba za bei nafuu ambazo tayari zina watu ndani, tena watu wanaozimiliki wenyewe, na baadhi yake zinatuponyoka kwa sababu ya paa linalovuja au deni la maji lililoachwa mpaka likaota mizizi. Hizo hazina utepe wa kukata, na kwenye bajeti hukumbukwa mwishoni.

Ninazungumzia hasa nyumba za ushirika za kipato cha chini zinazojulikana kule New York kwa herufi HDFC, kifupi cha Housing Development Fund Corporation. Ni zaidi ya majengo 1,000, mengi yakiwa ya ghorofa tano au sita tu, yaliyotawanyika katika maeneo ya jiji kama Harlem, Bronx, Lower East Side na sehemu za Brooklyn. Mkazi hanunui kuta anazolala ndani yake; ananunua hisa za ushirika unaomiliki jengo zima, na hisa hizo ndizo zinazompa haki ya kukaa. Kila mwezi analipa ada. Kwenye ada hiyo hutoka mafuta au gesi ya kupashia jengo joto, maji, bima, kodi ya majengo na ujira wa anayefagia ngazi. Anayetaka kununua lazima kipato chake kiwe chini ya kiwango kilichowekwa.

Ili kuelewa kwa nini nyumba hizi zina uzito kwangu, ni vizuri kujua zilivyopatikana. Miaka ya 1970 wenye majengo waliyatelekeza kwa wingi. Waliacha kulipa kodi, wakaacha kuwasha boila, yaani mtambo wa kupashia jengo joto, katikati ya baridi, na wengine waliyatia moto ili walipwe bima. Jiji lenyewe lilinusurika kufilisika mwaka 1975. Roger Starr, aliyesimamia masuala ya nyumba katika serikali ya jiji, alitoa hadharani mwaka 1976 pendekezo kwamba mitaa iliyodhoofika ipunguziwe huduma, watu wahame wenyewe. Wapo wapangaji waliokataa kuhama. Walichangishana fedha za mafuta, wakajifunza kubadilisha mabomba na kufunga nyaya za umeme. Pale 519 East 11th Street wakazi walilikarabati kwa mikono yao jengo lililokuwa gofu, kisha juu ya paa wakaweka mitambo ya kukusanya joto la jua na kinu cha upepo cha kuzalisha umeme. Hayo yalikuwa katikati ya miaka ya 1970, wakati maofisa wengi walikuwa wameshaufuta mtaa ule kwenye hesabu zao.

Jiji lilijikuta limeshika maelfu ya majengo kwa madeni ya kodi, na halikujua la kuyafanyia. Mwaka 1978 likaanzisha mpango wa kuwapa wapangaji usimamizi wa jengo kwanza, halafu kuwauzia. Familia nyingi ziliuziwa kwa dola 250.

Mtu akisikia bei hiyo husema watu wale waliokota embe dodo chini ya mnazi. Hawakuokota. Walikuwa wameyalinda majengo yale miaka ambayo hakuna aliyeyataka, na walichokabidhiwa kilikuwa na mabomba ya zamani, paa zilizochoka na kuta zilizopakwa rangi juu ya unyevu. Matengenezo waliyofanyiwa kabla ya mauziano mara nyingi hayakutosha. Kwa maneno mengine, jiji liliwauzia nyumba pamoja na bili iliyokuwa njiani.

Bili hiyo imefika. Nimewahi kukaa kwenye mkutano wa wanahisa wa jengo moja la namna hii, watu wamekaa kwenye viti vya kukunja ukumbini chini, karibu na masanduku ya barua. Mweka hazina alikuwa mama mstaafu mwenye daftari la mistari. Upande mmoja aliandika ada zilizoingia, upande wa pili bili, na katikati ya ukurasa alikuwa ameweka alama ya kalamu nyekundu kwa kila nyumba iliyochelewa. Alama zilikuwa nyingi. Hakumtaja mtu kwa jina. Alisema tu kwamba fundi amekagua boila, sehemu ya chini imetoboka, na haina maana tena kuiziba. Kisha akataja bei. Ukumbi ulinyamaza, maana kila mmoja alikuwa anagawanya kichwani.

Tugawanye na sisi. Tuseme jengo lina nyumba 20, na boila jipya pamoja na kazi zake zote ni dola 120,000. Kila familia inadaiwa dola 6,000. Kwa mzee anayeishi kwa pensheni, au kwa mwanamke anayelea watoto peke yake kwa mshahara wa kazi ya usafi, dola 6,000 hazipo. Benki nazo hazipendi mkopo mdogo kwa ushirika mdogo wenye wanachama wachache waliochelewa kulipa. Kwa hiyo jengo linaahirisha. Linalipa mafuta kwanza, kwa sababu baridi haingoji, na linaacha bili ya maji au kodi ya majengo isubiri. Riba inaanza kupanda juu ya deni.

Jiji linayo mikopo ya riba nafuu kwa matengenezo, na sipuuzi kazi ya maofisa wanaoisimamia. Tatizo ni mlango wa kuingilia. Kwa kawaida unatakiwa uwe na hesabu zilizonyooka, bodi iliyochaguliwa kihalali, na madeni yasiwe yamekuzidi. Jengo lenye sifa zote hizo ndilo lenye uhitaji mdogo zaidi. Lile linalozama halina hata fedha za kumlipa mhasibu wa kuandaa karatasi za maombi.

Na jengo lilipozama, jiji lilikuja na mkono mwingine. Kuanzia mwaka 1996 lilikuwa na utaratibu wa kutwaa majengo yenye madeni na kuyahamishia kwa waendelezaji wengine. Umiliki wa wakazi ulifutwa bila fidia, na waliokuwa wenye nyumba wakabaki wapangaji. Waliopoteza wengi walikuwa watu weusi na Walatino, katika mitaa ambayo sasa ardhi yake inagombewa. Mwaka 2019 jaji mmoja huko Brooklyn alibatilisha unyakuzi wa baadhi ya majengo hayo, na malalamiko yakawa makubwa. Nikilifikiria jambo hili hasira hunipanda. Familia iliyoshikilia jengo wakati mtaa unaungua inanyang'anywa mtaa ulipopata thamani, kwa deni ambalo mkopo wa mapema ungelizuia.

Kuna hoja inayopinga ninayoiheshimu. Kwa nini fedha za umma zimfuate mtu ambaye tayari ana nyumba, wakati kuna maelfu wanaolala kwenye makazi ya dharura? Tena baadhi ya nyumba hizi leo huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, na Manhattan zipo zilizovuka milioni. Sheria ilibana kipato cha mnunuzi lakini katika majengo mengi haikubana bei. Matokeo yake kijana mwenye mshahara mdogo na wazazi matajiri anaingia kihalali kabisa, na nyumba inakuwa nafuu kwa jina tu. Jiji likitoa fedha za paa kwa jengo la aina hiyo bila masharti, litakuwa limempandishia muuzaji bei.

Kwa hiyo nasema fedha ziende pamoja na masharti ya bei ya kuuzia. Burlington, mji mdogo wa jimbo la Vermont, ulilionyesha hilo mapema. Mwaka 1984, Bernie Sanders akiwa meya, mji ulitoa dola 200,000 kuanzisha dhamana ya ardhi ya jamii, yaani shirika lisilo la faida linaloshika ardhi kwa niaba ya jamii; leo linaitwa Champlain Housing Trust. Dhamana hubaki na ardhi, familia humiliki nyumba. Siku ya kuuza, familia huondoka na ilichokwisha kulipia pamoja na robo ya ongezeko la thamani. Nyumba ikipanda kwa dola 100,000, muuzaji anapata 25,000, na zilizobaki zinakaa ndani ya nyumba ili anayefuata naye aweze kununua. Fedha za umma hutolewa mara moja na kuwafaa watu wengi kwa zamu.

Mfumo wa namna hii pia huwalinda watu wakati wa misukosuko. Mwishoni mwa mwaka 2010, uchumi wa Marekani ukiwa bado unauguza majeraha ya mikopo ya nyumba, utafiti uliochapishwa na Lincoln Institute, taasisi ya Marekani ya sera za ardhi, ulikuta asilimia 0.46 tu ya mikopo ya nyumba za dhamana za jamii ikiwa katika hatua ya mwenye nyumba kunyang'anywa nyumba kwa deni, dhidi ya asilimia 4.63 kwa mikopo ya kawaida. Dhamana humpigia simu mwenye nyumba anapochelewa mara ya kwanza. Benki humwandikia barua.

Masharti yasipowekwa na kutunzwa, tunajua mambo huishia wapi. Southbridge Towers, majengo ya ushirika yaliyo Manhattan karibu na daraja la Brooklyn Bridge, ilijengwa kwa msaada wa umma chini ya Mitchell-Lama, mpango wa mwaka 1955 wa jimbo la New York wa nyumba za watu wa kipato cha kati. Mwaka 2014 wanahisa wake walipiga kura kuutoka mpango ule, na nyumba 1,651 zikaingia soko huria. Siwahukumu waliopiga kura hiyo. Wengi wao ni watu wa kawaida walioona utajiri wa maisha yao yote umewekwa mezani. Lakini zile nyumba hazitarudi, na kujenga nyingine kama zile eneo lile ni ndoto.

Sharti lisigeuzwe fimbo pia. Wanahisa wa HDFC wanalishuku jiji, na wana haki, kwa sababu wameshaona likija na karatasi za msaada zenye maneno ya kuwapunguzia mamlaka juu ya majengo yao. Kiwango cha bei kipangwe wakiwepo. Na mtu aliyekaa miaka 40 apate sehemu ya heshima anapoondoka au anapowarithisha watoto wake.

Halafu fedha zitoke mapema, wakati deni la maji bado ni la miezi michache. Jiji lilipie mhasibu, lilipie mafunzo ya bodi, na litoe ruzuku moja kwa moja kwa majengo ambayo hata mkopo wa riba ndogo hayauwezi. Katika bajeti ya zaidi ya dola bilioni 100 kwa mwaka, hili si ombi la kutisha.

Muda nao unabana. Majengo mengi ya ushirika yaliyouzwa na jiji yanaishi kwa nafuu ya kodi ambayo kwa sheria ilivyo inakoma mwaka 2029. Ikikoma bila kitu kingine mahali pake, ada za kila mwezi zitapanda hata kwenye majengo ambayo leo hayana deni. Baraza la Jiji hupitisha bajeti kabla ya tarehe 1 Julai kila mwaka, na mwenye hisa katika jengo la namna hii hana sababu ya kungoja 2029 ndipo ampigie simu diwani wake.