Ulanzi kwa macho ya kompyuta

Iringa hata mtoto anajua ulanzi. Mvua zikikolea, ncha ya chipukizi la mwanzi inakatwa, maji yake yanakingwa, yanakuwa kinywaji kitamu ambacho kikilala kinakuwa kikali. Kompyuta inayojifunza kwa kusoma mtandaoni inaweza kukwambia jambo jingine kabisa. Ipo kampuni ya China inayouza stendi na taa za kamera kwa jina hilohilo, Ulanzi, na matangazo yake yamejaa kila kona.

Wazo lenyewe la kuifundisha mashine kwa kuisomesha si baya. Januari 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, wakiongozwa na Tom Mitchell, waliwasha programu iitwayo NELL, wakaiacha isome mtandao usiku na mchana. Kwa kila kundi la vitu, miji kwa mfano, ilipewa mifano 10 hadi 15 tu. Ikagundua yenyewe maneno yanayoandamana na miji, kama "meya wa", ikayatumia kunasa miji mingine. Mwaka wake wa kwanza ilikusanya taarifa mamia ya maelfu. Karani gani angeziandika hizo kwa mkono?

Ila ilijikwaa. Kiingereza kina neno moja la biskuti na la vidakuzi, yale mafaili madogo ambayo tovuti huacha kwenye kompyuta yako. NELL ikaviweka vidakuzi kundi moja na mikate. Na kwa kuwa watu huandika kwamba wamefuta vidakuzi, na pia kwamba wamefuta mafaili, ikaamua mafaili nayo ni vitafunwa! Kosa moja likazaa ukoo. Ilipofika kama miezi 6, watafiti wakaanza kuipitia kila wiki mbili na kung'oa magugu.

Wapo wanaosema wingi wa maandishi utasahihisha makosa ya namna hii wenyewe. Kwa biskuti nakubali, maana wanaoziandika ni wengi. Kwa ulanzi wingi huohuo ndio unaopotosha, kwa sababu mgemaji wa Iringa hana tovuti, na muuza stendi anazo kadhaa. Tena NELL ilikuwa na orodha: ungeweza kulikuta kosa na kulifuta. Programu kubwa za leo hujifunza kwa kubashiri neno linalofuata, na zilichokijua kimetapakaa ndani kwenye mabilioni ya namba. Hakuna rafu ya kuiendea ukaitoe stendi ya kamera.

Upande wa pili watatuuliza: mbona hamuandiki? Swali la haki, nalo linauma. Tunaujua ulanzi kwa mdomo na kwa kikombe, basi, na sijui mzee yupi wa kijijini ataacha mianzi yake akaichapie mashine maelezo. Kwa sasa mchango wangu ni ile aya ya kwanza hapo juu. Stendi za kamera bado zinaongoza kwa mbali.