Tuzisikilize Hata Kanda za Usiku Ulioharibika

Miongoni mwa rekodi za muziki ninazozithamini zaidi, zipo ambazo fundi yeyote wa studio angeziona hazifai kusikilizwa hata mara moja. Ni rekodi za maonyesho ya Jim Morrison, mwimbaji wa bendi ya roki ya The Doors ya Marekani, zilizonaswa na watu wa kawaida waliolipa kiingilio, wakaingia ukumbini na vinasa sauti vyao, na kurudi majumbani na kanda zenye mivumo, makelele na nyimbo zilizokatika katikati. Rai yangu ni kwamba kanda hizo zinatufundisha kuhusu kazi ya kuimba mbele ya watu mambo ambayo albamu sita za studio, alizoziimba Morrison na wenzake kati ya 1967 na 1971, kwa uzuri wake wote haziwezi kutufundisha.

Hapa Unguja, ukitaja roki, jina la kwanza utakalojibiwa ni la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, aliyezaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na ambaye kwa ajili yake wageni hawaishi kupiga picha mtaani Shangani. Yeye alijua kuitawala hadhira. Tarehe 13 Julai 1985, katika uwanja wa Wembley jijini London, dakika zipatazo 20 zilimtosha kuufanya umati wote uimbe naye. Morrison alikuwa kinyume chake. Hakuna aliyejua, pengine hata yeye mwenyewe, onyesho lingeishia wapi. Tarehe 9 Desemba 1967 polisi walimkamata akiwa jukwaani mjini New Haven, na tarehe 15 Septemba 1968 mjini Amsterdam alizidiwa na ulevi, hata mpiga kinanda Ray Manzarek akalazimika kuimba badala yake.

Onyesho linalotajwa kuliko yote ni lile la Miami la tarehe 1 Machi 1969, ambalo mtu mmoja miongoni mwa waliohudhuria alilirekodi. Ukumbi ulikuwa na joto na umefurika watu, na mwimbaji aliwasili amechelewa, tena amelewa. Siku chache kabla alikuwa amehudhuria mjini Los Angeles michezo ya kundi la Living Theatre, ambalo waigizaji wake walikuwa wakiwakabili watazamaji ana kwa ana, na inaelekea alitaka kuufanyia umati wake jambo la namna hiyo hiyo. Kilichofuata kilimfikisha mahakamani. Mwaka 1970 alitiwa hatiani kwa lugha chafu na kujiweka utupu hadharani, shutuma ambayo wenzake wa bendi waliikanusha daima, na mwezi Desemba 2010, karibu miaka 40 baada ya kifo chake, jimbo la Florida lilimsamehe.

Wengi huisikiliza kanda ya Miami kwa ajili ya kashfa hiyo, nami naona wanapitwa na kilicho bora ndani yake. Wasikilizeni wapigaji. Morrison anaukatiza wimbo, anahutubia, anawafokea watu kisha anawabembeleza, na wenzake watatu hawanyamazi: wanalizungusha fungu lile lile la muziki, wanalipunguza sauti, wanamsubiri, na akionyesha dalili ya kurejea wanamfungulia njia. Ikumbukwe kwamba The Doors hawakuwa na mpiga besi jukwaani. Manzarek alipiga sauti nzito kwa mkono wa kushoto, kwenye kinanda kidogo cha besi, huku mkono wa kulia ukiendelea na mengine. Kwa hiyo mwimbaji alipopotea, msingi wa wimbo na sehemu kubwa ya mapambo yake vilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, aliyeweza kugeuza mwelekeo bila ya kushauriana na yeyote, huku John Densmore akimfuata kwa ngoma na Robby Krieger kwa gitaa. Kwenye albamu za studio ustadi huo wa kusubiri hausikiki, kwa sababu huko hapakuwa na wa kusubiriwa. Mimi niliujua ustadi wa wanamuziki hawa kupitia usiku wao mbaya, na tangu hapo hata nyimbo zao zilizonyooka nazisikia kwa namna nyingine.

Albamu rasmi ya maonyesho ya jukwaani waliyoitoa mwaka 1970 iliungwa kwa vipande vya maonyesho mbalimbali, ili msikilizaji apate onyesho kamili lisilo na dosari. Kazi hiyo ilifanywa kwa ustadi, lakini onyesho hilo halikupata kutokea popote. Kinasa sauti kilichofichwa ndani ya koti hakina uwezo wa kuchagua. Kinachukua mwangwi wa ukuta, kikohozi cha jirani, ukimya usio wa kawaida baina ya nyimbo, na mtu anayepaza sauti kuomba wimbo anaoupenda. Vinasa vingi vidogo hurekebisha kiwango cha sauti vyenyewe, hivyo umati unapolipuka muziki hudidimia, na umati unapotulia muziki hupanda tena. Mafundi huiona tabia hiyo kuwa kasoro, lakini mimi huisoma kama kipimo cha nguvu baina ya jukwaa na ukumbi, na mara nyingi hunieleza ni dakika ipi hasa mwimbaji alianza kuwapoteza watu wake.

Nadhani sisi tuliolelewa na taarabu tuna wepesi fulani katika usikilizaji huu. Siti binti Saad alipokwenda Mumbai mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri haukuchukua zaidi ya dakika tatu au nne, na wimbo ulipaswa kuenea humo. Katika taarabu ya ukumbini hali ni nyingine kabisa: mtu anainuka kutunza, ubeti unarudiwa, vigelegele vinaufunika udi na fidla, na mwimbaji anaurefusha wimbo kwa kadiri anavyoona nyuso zilizo mbele yake. Kanda za harusi zilizokuwa zikipita kutoka nyumba hadi nyumba zilikuwa na hayo yote, na sikumbuki kumsikia mtu akilalamika kwamba vigelegele vimeharibu rekodi.

Lipo pingamizi zito, nami silidharau. Je, ni haki kumsikiliza mtu akiwa katika hali ambayo yeye mwenyewe huenda asingependa ihifadhiwe? Morrison alifariki Paris tarehe 3 Julai 1971 akiwa na umri wa miaka 27, na ulevi haukuwa mzaha maishani mwake. Jibu langu ni kwamba haki au dhuluma iko katika namna ya kusikiliza. Anayekata sekunde 30 za maneno ya ulevi na kuzisambaza ili watu wacheke anamdhulumu. Anayeuza kanda hizo anakula asichokifanyia kazi. Lakini anayekaa na onyesho zima, kutoka bendi inapojaribu ala zake hadi watu wanapotawanyika, anampa mwimbaji ile ile subira aliyopewa na wenzake jukwaani. Hujitahidi pia kutoisikia kila dosari kuwa ni dalili ya kifo, kwani waliokuwamo ukumbini hawakujua yatakayokuja. Wao walikuwa wanangoja wimbo unaofuata.

Kwa sababu hiyo napinga kazi inayoshika kasi sasa, ya kuzipitisha rekodi hizi katika programu za kompyuta zinazoutenga umati na kuuacha muziki peke yake. Kupunguza mvumo wa kanda kuukuu ni huduma njema. Kuwafuta watu ni jambo jingine, maana mwimbaji anayefoka, anayenyamaza na anayebembeleza alikuwa anawajibu wao, na wakiondolewa, maneno yake yanabaki kama ya mtu aliyechanganyikiwa anayesema peke yake. Aliye na nakala ya zamani isiyoguswa na aihifadhi kama ilivyo, pamoja na dakika zake zote za fujo, hata kama tayari anayo nyingine iliyosafishwa.