Mngwa hana ngozi, chui wa Unguja anazo sita

Mazungumzo yakishafika kwenye wanyama wa ajabu, barazani kwetu mngwa na chui wa Unguja hutiwa kapu moja. Anayesadiki husadiki wote wawili, na anayekataa huwakataa wote wawili: "Hadithi za bibi hizo, tumeshakua." Sikubaliani na upande wowote. Ushahidi wa wanyama hawa haulingani hata kidogo, na huku kuwachanganya kumetufanya tumtendee mnyama wa kweli kama kwamba hakuwahi kuwapo.

Nianze na mngwa, ambaye wengine humwita nunda. Anasimuliwa zaidi pwani ya bara, hasa upande wa Lindi: paka mkubwa kama punda, rangi ya kijivu yenye michirizi, si simba wala si chui, na anakula watu. Sisi wa Unguja tulimjua kwa ngano kabla ya kumjua kwa ripoti. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekuja kuwa askofu hapa, alichapisha mwaka 1870 ngano alizosimuliwa na watu wa Zanzibar, na mojawapo ni ya Sultani Majnuni na paka wake. Paka anakula kuku, watu wanakuja kushtaki, sultani anasema paka ni wangu na kuku ni wangu. Anakula mbuzi, jibu ni lile lile. Mpaka anapowala wana wa sultani mwenyewe ndipo baba anakiri kwamba huyo si paka tena, ni nunda. Kijana mdogo anaingia msituni, kila mnyama anayemuua anamburura hadi kwa mama yake, na kila mara mama anamwambia siye, hadi siku anayompata mwenyewe.

Naipenda sana ngano hiyo na watoto wangu wanaijua. Lakini tusiitwishe mzigo isioweza kuubeba. Inathibitisha kwamba watu wa pwani walikuwa na sura ya paka mla watu vichwani mwao zamani, kabla afisa yeyote wa kikoloni hajaandika neno. Haithibitishi kwamba mnyama huyo ana mifupa. Na wanaotaja tungo za Fumo Liongo kuwa ushahidi wa karne nyingi wanafanya jambo lile lile: jina ndani ya shairi ni jina, si unyayo.

Ripoti yenyewe inayotegemewa na kila mtu ni ya William Hichens, afisa wa serikali ya kikoloni aliyekuwa Lindi miaka ya 1920, na ambaye aliichapisha katika jarida la Uingereza mwaka 1937. Anaeleza kuwa askari aliyekuwa zamu usiku sokoni alikutwa amekufa, ameraruliwa, na ndani ya ngumi yake kulikuwa na nywele za kijivu. Walijitokeza watu waliosema wamemuona paka mkubwa akimrukia. Vifo vingine vikafuata. Ikawekwa sumu, ikategwa mitego, wakawekwa walinzi wenye bunduki, na hakikupatikana kitu. Nywele zikapelekwa kuchunguzwa, na jibu lililorudi, kwa maelezo yake, ni kwamba huenda zilikuwa za jamii ya paka.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Kesi nzima ya mngwa imekaa ndani ya ngumi ya yule askari. Nywele zile ndizo kitu pekee ambacho mtu mwingine angeweza kukishika, kukipeleka maabara na kumwambia Hichens "kweli" au "hapana", na haziko popote zinapoweza kuchukuliwa leo. Jibu lenyewe, za jamii ya paka, linamfaa simba na linamfaa chui vile vile. Wengine waliokuja baadaye waliongeza maneno tu. Mwindaji Patrick Bowen alisema nyayo alizozifuata zilikuwa na umbo la unyayo wa chui lakini ukubwa wa simba dume. Mwaka 1955 Bernard Heuvelmans, Mbelgiji aliyejulikana kwa kufuatilia wanyama wa aina hii, alipendekeza kuwa huenda ni aina kubwa ya yule paka wa dhahabu wa misituni. Paka huyo yupo kweli, lakini ni wa misitu ya Afrika Magharibi na Kati, anaishia huko Uganda na Kenya, na uzito wake hauvuki sana kilo 16. Kumfikisha Lindi na kumfanya mkubwa kama punda ni kazi ya kalamu.

Simdharau Hichens. Huyu ndiye Hichens aliyehariri Al-Inkishafi mwaka 1939 na diwani ya Muyaka mwaka 1940, mtu aliyekijua Kiswahili kuliko wengi wa enzi yake, na deni la fasihi yetu kwake ni kubwa. Lakini elimu hiyo hiyo ndiyo inayonitia shaka. Mtu aliyezama kwenye ngano na tungo za pwani anapofika mbele ya maiti yenye nywele mkononi, nunda ameshamtangulia kichwani.

Na Lindi haihitaji mnyama mpya wa kuelezea watu waliouawa usiku. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliotoka mwaka 2005, ulihesabu watu wasiopungua 563 waliouawa na simba Tanzania kuanzia 1990 hadi 2004, na Lindi na Rufiji zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumizwa zaidi. Simba hao walivamia mashamba ambako watu walikuwa wakilinda mazao dhidi ya nguruwe, wakaingia hata majumbani. Wale waliouawa, hao simba, waligeuzwa, wakatazamwa meno na makucha. Katika miaka yote hiyo ya mauaji na misako, hakuna aliyeburura mngwa kijijini.

Wapo watakaonijibu kuwa wazungu walikuwa wakiwacheka wenyeji kila mara na kila mara wenyeji ndio walioshinda. Hoja hiyo naiheshimu, na ninao mfano wake mzuri wa hapa hapa Tanzania. Wanyakyusa walikuwa wakiwaambia watafiti habari za kima fulani wa milimani, mwenye haya, ambaye hakuwamo kwenye vitabu, na watafiti wakawa hawana hakika kama ni mnyama au ni pepo wa msituni. Mwishoni mwa 2003 wakamuona wenyewe Rungwe. Mwaka 2005 akatangazwa kwa picha na sauti, na mwaka huo huo mmoja akafa kwenye mtego wa shamba la mahindi, mwili ukachunguzwa, na ikadhihirika kuwa ni jenasi mpya kabisa. Ndiye kipunji. Neno la wawindaji lilikuwa kweli, na lilithibitishwa na mwili ulioweza kutazamwa na mtu asiyemuamini mwindaji. Mngwa amepewa karibu miaka mia kutoa mwili wake na hajautoa. Mimi nimeshamfunga faili.

Chui wetu ni habari nyingine kabisa.

Unguja iliungana na bara hadi takriban miaka 10,000 iliyopita, bahari ilipopanda na kufunika ule mkondo usio na kina. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wamekuta mifupa ya punda milia na nyati, wanyama ambao hakuna mzee yeyote wa leo aliyewasikia kisiwani. Chui alibaki. Pemba, ambayo imetengwa na bara kwa bahari yenye kina kirefu tangu zamani za zamani, haikuwahi kuwa na chui, na ndivyo tungetarajia kama chui wa Unguja alifika kwa miguu yake. Mwaka 1932 Reginald Pocock wa makumbusho ya London alimwandika rasmi na kumpa jina la Dakta Aders, aliyefanya kazi serikalini hapa. Leo wataalamu wengi wanamhesabu pamoja na chui wote wa Afrika, na mimi sina ugomvi na hilo. Ngozi zake zinazojulikana kwenye makumbusho za dunia ni sita.

Mmoja wa hao sita tunaye wenyewe, yule aliyekaushwa wa makumbusho ya Mnazi Mmoja. Kasimama, manyoya yamepauka mpaka yamekuwa kama mchanga wa pwani, na yale madoa, madogo na yaliyovunjikavunjika, ambayo ndiyo yaliyompa Pocock sababu ya kumtenga na wa bara, yanataka jicho la karibu ndipo yaonekane. Ni mdogo kuliko mtu anavyotarajia. Wanafunzi wa skuli hupita mbele yake wakacheka, wakaenda kwenye kitu kingine. Natamani walimu wawasimamishe pale wawaambie: huyu aliishi Muyuni, Jozani na uwanda wote ule wa mawe, na babu zenu walimjua kwa sauti yake.

Sasa suali gumu: bado yupo? Hapa nawageukia marafiki zangu wanaoshikilia kuwa yupo, kwa sababu kipimo nilichompimia mngwa lazima nimpimie na huyu.

Mwaka 2018 kipindi cha televisheni cha Marekani cha Forrest Galante kilionyesha picha za usiku za kamera ya kutega, mnyama kama chui anapita na kupotea. Kisiwa kizima kiliizungumza video hiyo kwenye simu, na furaha ile naielewa, maana hata mimi moyo ulinidunda. Lakini sekunde chache za usiku haziwezi kubeba uhai wa mnyama mzima peke yake. Chui anayeishi mahali huacha kinyesi, huacha nywele kwenye miba, hukwaruza miti, huua paa na mbuzi, na kinyesi kimoja tu leo kinatosha kwa maabara kutoa jibu la vinasaba. Mwaka 2003 kamera zilizotegwa Jozani zilipata picha za kwanza za kanu wa Unguja, mnyama mdogo wa usiku ambaye sayansi ilimjua mwaka 1995 tu. Kamera zilizoweza kumnasa huyo mdogo hazikumnasa chui. Na kisiwa kimejaa. Zanzibar ilikuwa na watu chini ya nusu milioni kwa sensa ya 1978, na sensa ya 2022 ilihesabu 1,889,773, wengi wao hapa Unguja. Ukitazama msitu uliobaki, utaona nafasi ya chui mmoja mmoja kujificha ni finyu, na ya chui wa kutosha kuzaliana ni finyu zaidi.

Hapo ndipo linapoingia jambo linalonihuzunisha kuliko yote. Nilimuuliza mzee mmoja wa kusini, aliyekuwa msasi ujanani.

"Shikamoo, babu. Chui bado wapo?"

"Marahaba, mwanangu. Wapo. Ila wana wenyewe."

"Weye ulimuona lini?"

"Zamani. Siku hizi wanaomuona ni wenyewe."

Kwa wengi vijijini, chui wa kisiwa hiki hakuwa mnyama wa porini tu. Alikuwa ni chui wa kufugwa, wa mtu, aliyetumwa kutisha na kudhuru. Mshawishi mtu kwa maneno hayo halafu ushahidi hauna kazi tena: chui akionekana, ametumwa, asipoonekana, amefichwa. Watafiti wamewahi kuahidiwa kuonyeshwa chui wa kufugwa, na hakuna aliyeonyeshwa. Imani hii ndiyo iliyomvisha chui wetu sura ya nunda, na haikuishia kwenye maneno. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi, ilifanyika kampeni iliyoongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi, ya kuwasaka wachawi na chui wao kwa pamoja. Chui waliuawa, na watu walionyooshewa kidole waliandamwa. Usasi uliendelea, na takwimu za serikali zilikuwa zikiandika chui waliouawa hata katika miaka ya 1980. Tulimuua mnyama wa nyama na damu kwa makosa ya mnyama wa kubuni.

Kwa maoni yangu, basi, chui wa Unguja ametoweka, au kama amebaki ni wa kuhesabika na hana mustakabali asipolindwa. Nitafurahi kuliko mtu yeyote nikithibitishiwa kinyume, na njia ya kunithibitishia iko wazi. Zitegwe kamera upya kwa misimu mizima, Jozani, Muyuni, Mtende na Kiwengwa, si kwa ajili ya kipindi cha televisheni. Wasasi wazee wahojiwe kabla hawajatuondokea, kila mmoja peke yake, aeleze alimuona wapi, mwaka gani, alikuwa akila nini. Chui wa Mnazi Mmoja achukuliwe kipande kidogo cha ngozi, kipimwe, ili kinyesi kitakachookotwa kesho kiwe na cha kulinganishwa nacho.

Na kuna ngozi nyingine zisizohesabiwa katika zile sita. Makucha, meno na vipande vya ngozi ya chui vilitumika sana katika uganga, na sitashangaa vikiwa bado vimefungwa kwenye vitambaa ndani ya masanduku ya nyumba za mashamba. Serikali iwahakikishie wenye navyo kwamba hawataulizwa vilipatikanaje wala vilitumiwaje, na kwamba watarudishiwa kilicho chao. Maabara haihitaji ukucha mzima, vumbi lake linatosha.