Kaa Anajua Maji Yanajaa Lini. Je, Anajua Wakati?

Kaa wa mikokoni, yule mdogo mwenye gando moja kubwa, hutoka shimoni maji yakipwa na hurudi ndani yakianza kujaa. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Marekani waliwatoa kaa wa jamii hiyo ufukweni, wakawafungia maabara katika giza na joto lisilobadilika. Kwa siku kadhaa kaa waliendelea kuchangamka na kutulia kwa mzunguko wa takriban saa 12 na dakika 25, muda uleule unaopita kati ya maji kujaa na kujaa tena. Hakuna wimbi lililowagusa. Kilichowaamsha kilikuwa ndani yao.

Mvuvi wa mwambao naye anayajua maji. Anajua kuwa kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50, kwamba bamvu huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, na kwamba katikati hapo ni maji mafu. Ukiandika saa za kutoka za kaa na za mvuvi kwenye daftari moja, huenda usiweze kusema ipi ni ya nani. Ndiyo maana swali la kama viumbe hai hutambua na kufahamu wakati kweli halijibiki kwa kutazama tu nani anawahi na nani anachelewa.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Tuna *muda*, ule urefu unaopita kati ya jambo na jambo. Tuna *wakati*, mahali pa jambo katika mfuatano: kabla ya nini, baada ya nini. Halafu kuna kitu cha tatu ambacho hatujakipa neno lake, nacho ni kwenda sambamba na mzunguko bila kujua lolote, kama jani linavyokunjuka asubuhi. Wanaobishana juu ya suala hili mara nyingi mmoja anasema muda, mwenziwe anasikia wakati.

Tuanze na hicho kisicho na jina, kwa kuwa ndicho sayansi imekichimba zaidi. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliuweka mmea wa jamii ya kifauwongo gizani akaona majani yanaendelea kufunguka mchana na kujikunja usiku bila jua. Mwaka 1971 Ronald Konopka na Seymour Benzer walipata nzi wa matunda wenye hitilafu katika jeni moja: kundi moja siku yake ilikuwa ya saa 19, jingine saa 28, na jingine halikuwa na mzunguko kabisa. Utaratibu wenyewe, uliowapa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young tuzo ya Nobel mwaka 2017, unaelezeka kwa maneno machache. Jeni hutengeneza protini, protini hujikusanya usiku, huingia katika kiini cha seli na kuizima jeni iliyoizaa. Kisha protini huoza, jeni huwaka tena, na mzunguko unachukua takriban siku nzima. Kwa binadamu saa kuu ni kifungu cha seli za neva zipatazo 20,000 ndani ya ubongo, juu ya mahali ambapo neva za macho hupishana.

Kuipima saa hiyo ni kazi ya kuchunga mambo madogo. Watu wa kwanza kufungiwa katika vyumba visivyo na dalili za nje walionekana kuwa na siku ya karibu saa 25, na takwimu hiyo ikaandikwa vitabuni kwa miaka mingi. Kosa lilikuwa taa. Waliruhusiwa kuwasha na kuzima wenyewe, na kila walipokaa na taa hadi usiku wao mwingi, mwanga uliichelewesha saa ya mwili. Mwaka 1999 Charles Czeisler na wenzake walitumia mwanga hafifu na ratiba ya siku za saa 28, ambazo saa ya mwili haiwezi kuzifuata, na hivyo ikabaki kwenda kwa mwendo wake. Jibu likawa takriban saa 24 na dakika 11.

Sasa, je, huku ni kutambua wakati? Nasema hapana, na sababu yangu ni ini. Seli za ini nazo zina saa ya aina hiyohiyo, na hakuna anayedai kwamba ini linajua kumekucha.

Upande wa pili una hoja nzito, nayo inabebwa na nyuki. Mwaka 1929 Ingeborg Beling alionesha kuwa nyuki hufundishika kuja kwenye maji ya sukari saa maalumu ya siku. Wenye shaka wakasema labda wanasoma jua. Mwaka 1955 Max Renner aliwafundisha nyuki ndani ya chumba kilichofungwa jijini Paris, akawasafirisha kwa ndege hadi New York na kuwaweka katika chumba cha aina hiyohiyo. Walitoka kutafuta chakula saa 24 baada ya mlo wao wa mwisho, kwa saa za Paris. Hapa pana zaidi ya jani. Nyuki ameunganisha kumbukumbu ya chakula na hali ya saa yake ya ndani, na kesho anaitumia. Anayekataa kuuita huu utambuzi wa namna fulani ana deni la kueleza ni nini basi.

Lakini nawaomba wanaoshangilia nyuki wamtazame Michel Siffre. Mfaransa huyo aliingia pangoni katika milima ya Alps tarehe 16 Julai 1962 bila saa, akatoka tarehe 14 Septemba akiamini ni tarehe 20 Agosti. Alipoteza siku 25. Akiwa ndani aliambiwa ahesabu hadi 120 kwa kasi ya moja kwa sekunde, akatumia dakika 5. Na bado, wenzake waliokuwa juu walipokokotoa simu zake za kuamka na kulala, walikuta mwili wake ulikuwa umekwenda kwa siku za wastani wa saa 24 na nusu. Mwili ulikuwa na hesabu karibu sahihi, mwenye mwili hakuwa nayo. Kama kuwa na saa ndani kungekuwa ndiko kutambua wakati, Siffre asingekosea hata wiki moja.

Muda ni suala jingine, na hapa msomaji anaweza kujipima mwenyewe. Chukua saa ya kusimamisha iliyo kwenye simu, mpe mwenzio aishike. Mwambie "anza", kisha sema "basi" unapohisi sekunde 30 zimetimia, naye aandike bila kukuonesha. Rudia mara 15, halafu mara 15 nyingine kwa sekunde 60. Ukiyaona matokeo katikati utajirekebisha, na utakuwa umepima kujifunza badala ya kuhisi. Ukihesabu moyoni, unakata sekunde 30 kuwa vipande 30 vidogo, kwa hiyo zuia hilo kwa kusoma kwa sauti tarakimu zilizoandikwa ovyo. Ondoa pia saa ya ukutani inayogonga. Tazama namba zinavyotawanyika: kama kwenye 30 umeyumba kwa sekunde 4 hivi, kwenye 60 tarajia kuyumba kwa karibu 8. Kosa hukua sambamba na muda wenyewe. Mwaka 1977 John Gibbon aliijengea nadharia kanuni hii, ambayo panya na njiwa wanaobonyeza kitufe ili wapate chakula huifuata kama sisi.

Kwa hiyo muda unahisiwa, na hausikiki kama kitu cha kubuni. Ila kipimo chenyewe ni laini. Homa hukiharakisha, na dawa zinazoongeza dopamini, kemikali ya ubongo, hukiharakisha pia. Tena sehemu ya tunachokiita kuhisi hutengenezwa baadaye. Mwaka 1972 Frank Geldard na Carl Sherrick waliwagonga watu mkononi kwa vigongo vya haraka, mara kadhaa kwenye kifundo kisha karibu na kiwiko. Watu walihisi kitu kinarukaruka hatua kwa hatua kupanda mkono, hata mahali ambapo hapakuguswa. Mguso wa katikati haukuweza kuwekwa pale kabla mguso wa kiwiko haujafika, kwa hiyo ubongo ulisubiri ndipo ukaandika mfuatano. Na David Eagleman na wenzake, mwaka 2007, waliwaachia watu waanguke mita 31 hadi kwenye wavu wakiwa na kioo cha namba zinazopepesa haraka mkononi. Walikadiria anguko lao kuwa refu, kwa wastani wa asilimia 36 zaidi ya walivyokadiria la wengine, lakini hakuna aliyeweza kusoma namba kwa kasi iliyozidi ya kawaida. Wakati haukupungua mwendo. Kumbukumbu ndiyo iliyonenepa.

Inabaki *wakati* kwa maana yake halisi: kujua kwamba jambo lilitokea pale, katika mstari. Hapa ushahidi bora wa wanyama ni wa ndege wa magharibi ya Marekani wa jamii ya kunguru, wanaozika chakula. Mwaka 1998 Nicola Clayton na Anthony Dickinson waliwapa funza, wanaowapenda, na karanga, wasizozipenda sana. Baada ya saa 4 ndege walifukua upande wa funza. Baada ya saa 124, funza wakiwa wameoza, walikwenda kwenye karanga. Chakula kiliondolewa kabla ya jaribio, kwa hiyo harufu haikuwaongoza, na ndege ambao funza wao walikuwa wakibadilishwa kwa wabichi hawakuacha kuwafuata funza. Jaribio limefungwa vizuri.

Hata hivyo linaruhusu maelezo mawili. Ndege anaweza kujua *lini* alizika, au kuhisi tu kwamba kumbukumbu imefifia kiasi gani, kama mtu anavyojua chai imekaa kwa kuigusa. Mwaka 2008 William Roberts na wenzake waliwapa panya kazi inayotenganisha mambo hayo, nao wakajifunza "ni muda gani umepita" na kushindwa "ilikuwa lini". Mwaka uliofuata watafiti Zhou na Crystal wakaonesha kuwa panya wanaweza pia kutumia saa ya siku. Mimi naona wanyama wachache wamefika mlangoni, na hakuna jaribio lililonishawishi kuwa yeyote kati yao anajua juzi ilikuwa kabla ya jana.

Kwetu pia uwezo huo unavunjika. Henry Molaison, aliyeondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayojenga kumbukumbu, pande zote mbili mwaka 1953, alirudia vizuri muda wa hadi sekunde 20 hivi. Zaidi ya hapo makadirio yake yalianguka mno. Muda mfupi ulibaki, mstari ukakatika.

Kama mstari huo unajengwa, basi kila jamii huujenga vivyo hivyo? Mkenya John Mbiti aliandika mwaka 1969, akitumia maneno yetu Sasa na Zamani, kwamba fikra za asili za Kiafrika zina wakati uliopita mrefu, uliopo, na wa baadaye mfupi sana, usiozidi miaka miwili hivi. Alijengea hoja kwenye nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu. Kwasi Wiredu na Kwame Gyekye ni kati ya wanafalsafa waliompinga, Gyekye akitumia lugha ya Waakan wa Ghana. Napatana na Mbiti kwamba wakati wetu ulishonwa kwa matukio: saa moja ni saa ya kwanza baada ya jua kutoka, na mpango huo unashika kwa sababu karibu na ikweta mchana mrefu na mfupi haupishani saa nzima. Oslo mwishoni mwa Desemba, mchana ukiwa takriban saa 6, usingesimama. Lakini upeo mfupi wa mbele siuoni. Lugha hii ina kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, na anayepanda mnazi mrefu anangoja miaka 6 au zaidi kabla ya dafu la kwanza.

Kalenda ya pwani ndiyo inayonishawishi zaidi. Wazee walihesabu mwaka wa siku 365 kuanzia Nairuzi, kwa miongo ya siku kumi kumi. Mwaka wa jua una robo ya siku ya ziada hivi, kwa hiyo hesabu hiyo husogea dhidi ya majira karibu siku moja kila miaka minne. Hakuna mwili unaohisi robo ya siku katika mwaka, wala wa kaa, wala wa nyuki, wala wa bingwa wa pango. Imejulikana kwa sababu watu waliandika, wakawaachia wengine wahesabu kuanzia hapo.

Nyuki wa Renner walitoka kwa saa za Paris kwa kuwa hawakuwa na mtu wa kumwuliza. Mvuvi akitia nanga bandari asiyoijua, kabla ya kushusha nyavu humwita mwenyeji: "Maji hapa yanajaa saa ngapi?"